MREJESHO: Simba wa Tsavo, filamu na ukweli wake

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kama ile filamu ya simba wala watu, The Ghost and the Darkness ya 1996, ilipigwa Tsavo, Kenya, kweli au tuliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mliosema Afrika Kusini, mmepata. Nilinuna kidogo, halafu nikaanza kufukua kisa chenyewe, na hapo ndipo utamu ulipo.

Simba walikuwa wawili, madume, mwaka 1898, wakivamia kambi za wajenzi wa reli kwenye mto Tsavo. Na hawakuwa na manyoya shingoni! Wa kwenye filamu wanayo tele. Mhandisi John Patterson aliwaua wote Desemba ya mwaka huo, akageuza ngozi kuwa mazulia, kisha 1924 akaliuzia jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, Marekani, kwa dola 5,000. Ndiyo maana walivyojazwa pale wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa hai. Fuvu la mmoja lina chonge lililovunjika na dalili za jipu. Huenda aliona binadamu mlaini kuliko nyati.

Idadi ya waliouawa ndiyo vurugu. Patterson alidai hadi watu 135, ila uchunguzi wa mifupa na manyoya wa 2009 ulikadiria kama 35.

Juzi basi la Mombasa lilipovuka mto Tsavo, nikabandika uso dirishani. Mzee wa kiti cha pili akauliza natafuta nini. Nikamjibu, "Simba, mzee." Akanyoosha mkono, akafunga dirisha.