Mjadala: Kazi ya programu huria ihesabiwe kuwa fildi kwa wanafunzi wa kompyuta Mwanza?

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Hoja yangu naisema wazi ili anayepinga ajue anapinga nini. Vyuo vya hapa Mwanza vinavyofundisha kompyuta vimruhusu mwanafunzi afanye fildi, yaani mafunzo yake ya vitendo kazini, kwenye mradi wa programu huria (programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa na kuiboresha), akiwa hapa hapa kanda ya ziwa, na kazi hiyo ipewe alama kama fildi nyingine yoyote.

Nazungumza kama mpokeaji wa wanafunzi. Niko kitengo cha TEHAMA katika taasisi moja mjini. Msimu wa fildi ukikaribia, barua za maombi zinarundikana mezani kwangu. Vijana ni wazuri, wana hamu, wengine wanaandika programu vizuri kuliko sisi tulioajiriwa. Sasa tukishawapokea tunawapa nini? Mifumo tunayotumia imeandikwa Dar es Salaam au Dodoma, sisi huku ni watumiaji tu, hata kuuona msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, haturuhusiwi. Kwa hiyo kijana aliyekesha akisoma miundo ya data na mifumo ya uendeshaji anaishia kuvuta nyaya, kubadilisha wino wa printa na kumfungulia akaunti mhasibu aliyesahau pasiwedi. Kazi hizo zina heshima yake na lazima mtu azifanye. Lakini wiki nane nzima? Mwisho anakuja na karatasi yake, nagonga muhuri, anaondoka bila kuandika hata mstari mmoja wa programu. Inaniuma kila mwaka.

Mwanza haina upungufu wa kazi za kompyuta. Tuna viwanda vya sangara, dhahabu ya Geita iko jirani, hospitali ya Bugando inapokea wagonjwa wa kanda nzima, bandari, na sasa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Kinachokosekana ni mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuingia jikoni mwa mfumo. Mnakumbuka 2018, DHL waliporusha ndege isiyo na rubani kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40? Ndege ile ilitengenezwa na Wingcopter, kampuni ya Ujerumani. Sisi tulikuwa watazamaji.

Programu huria inaufungua mlango huo bila nauli ya Dar. Msimbo uko wazi, yeyote anausoma, anapendekeza badiliko, na wenye mradi wanalikagua na kulikubali au kulirudisha. Mfano wa karibu ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Chimbuko lake ni kliniki za Eldoret, hapo Kenya, kuanzia 2004. Leo mifumo ya wagonjwa ya UgandaEMR na KenyaEMR imejengwa juu yake. Ni majirani zetu wa ziwa hili hili, na mradi huo umepokea vijana mara nyingi kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa watu kufanya kazi kwenye miradi ya programu huria. Mpango huo ulianza 2005, na tangu 2022 si lazima hata uwe mwanafunzi, inatosha uwe na miaka 18 na uwe mgeni kwenye programu huria. Mradi wake mkubwa unahesabiwa saa 350. Fildi ya wiki nane, siku tano kwa wiki, saa nane kwa siku, ni saa 320. Sasa niambieni, kipi kimempa mwanafunzi kazi zaidi?

Karibuni.

Mwanafunzi, Malimbe

Naunga mkono, dada, ila nina maswali ya mtu anayeishi hosteli. Bando nani ananunua? Kupakua mradi mkubwa pamoja na vifaa vyake ni gigabaiti kadhaa kabla hujaandika chochote. Laptop yangu ikifungua kihariri na kivinjari pamoja, inaganda. Halafu kuna fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Nikisema fildi yangu naifanyia chumbani Malimbe, hiyo fedha nitaipata?

Mhadhiri

Napinga, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu nawaheshimu walioleta hoja.

Fildi haikuwekwa ili mwanafunzi aandike programu. Hilo tunamfundisha darasani na kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Fildi imewekwa ili afike kazini saa moja na nusu asubuhi, asalimie, akae na mtu asiyejua kompyuta mpaka aelewe shida yake ni nini hasa. Mhasibu aliyesahau pasiwedi, ndugu yangu, ndiye mteja. Nimewaona wahitimu wenye ufaulu mkubwa ambao hawawezi kumuuliza muuguzi maswali matatu yenye maana kuhusu foleni ya wagonjwa. Ukimfungia kijana chumbani na laptop miezi miwili, umeongeza tatizo.

Pili, ni wangapi watakaopita? Miradi inayolipa ina ushindani wa dunia nzima. Nina darasa zima la kupeleka fildi. Nikitengeneza utaratibu kwa ajili ya wawili au watatu walio hodari, wengine nawaambia nini?

Tatu, ratiba. Google Summer of Code inatangaza miradi mwishoni mwa Februari, maombi yanafungwa karibu na mwanzo wa Aprili, na kazi inaanza mwishoni mwa Mei au Juni. Hapo wanafunzi wetu bado wana muhula wa pili, wanajiandaa na mitihani.

Nne, na hili ndilo linalonisumbua zaidi siku hizi: akili mnemba. Mradi wa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, umelalamika hadharani kwamba unajazwa ripoti za hitilafu zilizotungwa na mashine, zinazopoteza muda wa wanaojitolea. Nikiwatuma wanafunzi kutafuta alama huko, nitakuwa nimeongeza takataka kwenye uwanja wa watu.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Hoja ya nne naanza nayo kwa sababu ni nzito. Mwanafunzi anayeleta takataka atajulikana haraka kuliko anayejificha ofisini kwangu. Kila badiliko lina jina, tarehe, na maswali ya mkaguzi chini yake. Mkaguzi akimuuliza "kwa nini umechagua njia hii?" inabidi ajibu yeye, hadharani. Msimamizi wa chuo atayasoma mazungumzo yote akiwa ofisini kwake Nyegezi. Linganisha na daftari la fildi ambalo wengi hulijaza usiku mmoja kabla ya ukaguzi.

Ratiba: tangu 2022 mradi wa Google Summer of Code unaweza kurefushwa kutoka wiki kumi au kumi na mbili hadi zaidi ya ishirini, kwa makubaliano na mlezi wa mradi. Mitihani inaweza kupishwa.

Kuhusu idadi, sijasema lazima walipwe na Google. Kuna Outreachy, mpango mwingine wa mafunzo kwenye programu huria unaopokea watu mara mbili kwa mwaka na kumlipa kila mmoja dola 7,000, na kuipata ni kazi. Lakini miradi mingi inapokea mchango wa mtu yeyote mwaka mzima bila malipo, kama ambavyo fildi nyingi za hapa hazilipi. Hilo la mhasibu kuwa mteja nalipokea. Nipe muda nilifikirie vizuri.

Mdogo wangu wa Malimbe, la Bodi ya Mikopo ndiyo maana nataka vyuo vitambue rasmi. Bila barua ya chuo, mwanafunzi anabaki peke yake.

Mzazi, Kirumba

Mwangaluka wote. Mimi siyo mtu wa kompyuta, nauza dagaa hapa mwaloni, boti za uvuvi zinapofikia. Kijana wangu yuko chuo mwaka wa pili, anasomea hayo mambo yenu. Nimesoma hapo juu, mengine nimeyaelewa, mengine yamenipita.

Nina jambo moja. Mnabishana kama mtoto akae ofisini au akae chumbani na Wazungu wa mtandaoni. Kwetu huku mmemleta nani? Mwaka jana mvua ilitukuta dagaa wametandazwa, mzigo wote ukashuka bei, wanunuzi wakasema ni wa kulisha kuku. Kuna rada ya hali ya hewa hapa Mwanza, tunaambiwa. Habari zake zinanifikia kwa redio, kwa mkoa mzima, wakati mimi nataka kujua kama leo mchana nitandaze au nisitandaze. Wavuvi nao wanaingia ziwani usiku, na dhoruba za ziwa hili ni za usiku, kila familia ya mwambao inajua. Mtu aje akae na sisi wiki mbili, aone tunavyoishi, ndipo aende kwenye mashine yake. Hiyo fildi hata mimi ningemsainia.

Na nikimaliza kulipa ada, mtoto akiajiriwa, mkopo unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Asipoajiriwa je? Kwa hiyo nauliza kama mzazi: hiyo kazi ya huria inamfikisha kwenye ajira?

Fundi wa mifumo, Musoma

Mama, shikamoo. Mimi ilinifikisha. Nilianza kwa kuchora ramani kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wanaojitolea, nikiwa chuo, kwa sababu vijiji vya kwetu Mara havikuwepo kwenye ramani yoyote ya mtandaoni. Kulikuwa na mradi wa Crowd2Map uliokuwa ukichora vijiji hivyo ili wanaowaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji wajue njia ya kuwafikia usiku. Nilipoenda kwenye usaili wa kazi yangu ya sasa, cheti changu hawakukitazama sana. Walifungua ukurasa wa kazi zangu, wakaniuliza juu yake saa nzima.

Mwalimu, chumbani sikukaa. Ramani haichorwi bila kumuuliza mwenyekiti wa kitongoji mto huu unaitwaje na njia hii inapitika masika au haipitiki. Nilikutana na watu wengi kuliko wenzangu waliokuwa kwenye maofisi.

Mleta mada

Mama wa Kirumba amenisaidia kulikamilisha nililokuwa nalifikiria. Naandika upya pendekezo langu.

Mwanafunzi awe na sehemu mbili. Awe na mwenyeji wa hapa: mwalo, zahanati, ushirika, au kitengo kama changu, anakofika siku mbili kwa wiki akae na watu wenye shida halisi. Siku zinazobaki afanye kazi kwenye mradi wa programu huria unaogusa shida hiyo. Aliyepo zahanati aende OpenMRS. Aliyepo mwaloni afanye ramani, au data za hali ya hewa, au hata kutafsiri programu kwa Kiswahili na kurekodi sauti za Kiswahili kwenye Common Voice, mkusanyiko huria wa sauti wa Mozilla wa kufundishia kompyuta kuelewa lugha, maana mfanyabiashara wa dagaa hatasoma tahadhari ya Kiingereza. Mwenyeji atoe intaneti na meza. Ofisi yangu ina intaneti inayolala bure kuanzia saa kumi jioni, na naamini siyo ofisi pekee.

Mwenye mwongozo wa fildi wa idara yake, tunaomba auangalie: kifungu gani kinazuia?

Mhadhiri

Nimeuangalia wa kwetu. Haukatazi. Unasema mwanafunzi awe kwenye taasisi inayotambulika na kuwe na msimamizi wa kazi atakayesaini kila wiki. Mlezi wa mradi aliyeko Brazil au India hatasaini daftari letu. Nani atasaini?

Mleta mada

Nitasaini mimi, Mwalimu. Na maoni ya wakaguzi wa mradi yaambatanishwe nyuma ya kila ukurasa.

Mhadhiri

Basi lete barua kwa mkuu wa idara kabla ya Februari, utaje wanafunzi wasiozidi wanne na shida utakayowapa. Sijakubali kwamba iwe kwa darasa zima, na kwenye kikao nitalisema hilo. Lakini hao wanne nitakuja kuwakagua mwenyewe, na nitaanzia Kirumba.

Mwanafunzi, Malimbe

Dada, barua ya kuomba kuwa mmoja wa hao wanne naileta wapi?