Vyumba viwili, watoto watatu na wa nne yuko njiani: naomba ushauri kuhusu nyumba ya halmashauri

Shikamoo dada, na salamu kwenu ndugu wote wa Kilimanjaro mlio nyumbani na ughaibuni.

Naandika nikiwa England, katika fleti ya halmashauri yenye vyumba viwili vya kulala na sebule, ambamo ninaishi na mke wangu na watoto wetu watatu: wa kiume ana miaka 11, binti wa kwanza ana miaka 9 na mdogo wake ana miaka 4. Wa nne tunamtarajia mwezi wa tano. Huu ni mwaka wa tano tumo katika orodha ya kusubiri nyumba kubwa zaidi, na kila wiki naomba nyumba zinazotangazwa bila mafanikio. Mama huko Machame anauliza kwa nini tusiongeze chumba, nami sina la kumjibu. Naomba waliopita njia hii waniambie kama kuna jambo ninaloliacha.

———

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa mtoto anayekuja.

Hapa Rau nilikorudi kuishi nikitoka England, jirani yangu alipopata mapacha alimwita fundi, tofali zikashushwa uani, na kabla ya masika chumba kilikuwa kimeezekwa. Mama anaijua nyumba ya namna hiyo, ndiyo maana anauliza. Mweleze kwamba ninyi ni wapangaji, na kwamba huko chumba huombwa kwa maandishi.

Nianze na kosa langu, kwa sababu nalihofia na kwako pia. Tukiwa tumesubiri miaka miwili, watu sita katika vyumba viwili, afisa wa nyumba alituandikia kwamba angekuja kuangalia tunavyoishi. Nilivyolelewa, mgeni haingii sebuleni akakuta godoro. Asubuhi hiyo nilikunja godoro la kijana wetu, nikalifunga kwa khanga na kulisimamisha nyuma ya pazia, nikapanga viti na kuchemsha chai ya maziwa yenye tangawizi. Alipouliza tunaendeleaje, nilimjibu kwamba tunamshukuru Mungu, tunabanana lakini tunaishi. Akaandika alichokiona na alichokisikia, yaani kwamba sebule inatumika kama sebule na familia haina malalamiko makubwa, na karatasi ile ikatuweka katika daraja la chini la kipaumbele kwa miaka miwili zaidi. Bado nawaona ndugu zetu wengi wakifanya vivyo hivyo, wakidhani kwamba kutaja shida ya malazi mbele ya mgeni ni kujidhalilisha, na inaniuma. Afisa akija, godoro libaki lilipo, na umwambie nani analala wapi.

Sasa tuingie kwenye hesabu, nami nazungumzia England peke yake, kwani Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985 ina kipimo cha msongamano ambacho familia nyingi hazikifikii hata zikiwa zimebanwa vipi. Sebule inahesabiwa kuwa chumba cha kulala, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hahesabiwi kabisa, na wa kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 10 huhesabiwa nusu mtu. Ikiwa vyumba vyenu si vidogo mno (sheria hiyo inapima pia eneo la sakafu), vyumba viwili na sebule vinaruhusiwa watu watano, nanyi mbele ya sheria ni wanne: wewe, mkeo, kijana, na mabinti wawili wanaofanya mmoja. Usiitegemee sheria hiyo ikutoe hapo.

Katika kupanga madaraja, halmashauri nyingi hutumia kipimo kingine, cha vyumba vya kulala peke yake. Kila moja ina sera yake ya ugawaji, kwa hiyo isome ya kwenu kwanza, lakini kwa kawaida wanandoa hupewa chumba kimoja, watoto wawili walio chini ya miaka 10 huhesabiwa pamoja hata wakiwa wa jinsia tofauti, na aliyefika miaka 10 hawekwi tena na wa jinsia nyingine. Kwa kipimo hicho mnastahili vyumba vitatu leo hii, yaani chenu, cha kijana na cha mabinti. Mtoto akizaliwa wa kiume, atawekwa pamoja na kaka yake na hesabu itabaki vitatu; akizaliwa wa kike, itakuwa vinne. Mara nyingi mtoto huingizwa katika hesabu baada ya kuzaliwa, hivyo cheti chake kikitoka kipelekeni juma hilo hilo. Vyumba vinne vikitajwa, ulizeni kama mnaruhusiwa kuomba pia nyumba za vyumba vitatu, kwa maana zile kubwa ni chache sana na foleni yake ni ndefu. Mama akija kuwasaidia kulea kwa viza ya matembezi, msitarajie kwamba atahesabiwa.

Sisi lakini hatukutolewa na orodha. Tulibadilishana nyumba. Mpangaji wa halmashauri mwenye mkataba wa kudumu ana haki hiyo chini ya kifungu cha 92 cha sheria ile ile ya 1985. Mwenye nyumba, yaani halmashauri, anatakiwa kujibu ndani ya siku 42, na akikataa, sababu iwe mojawapo ya zile zilizotajwa katika sheria. Kama mna malimbikizo ya kodi, yamalizeni kwanza, kwa sababu anaweza kuyafanya sharti. Watu hutafutana katika tovuti kama HomeSwapper, na wapangaji wa nyumba kubwa wanaotaka ndogo wapo: tangu Aprili 2013, mpangaji ambaye hajafikia umri wa pensheni na anayepata msaada wa kodi ya nyumba hupunguziwa msaada huo, asilimia 14 ya kodi kwa chumba kimoja cha ziada na 25 kwa viwili au zaidi. Aliyebadilishana nasi alikuwa mama ambaye watoto wake walikuwa wameshaondoka, naye alikuwa na vyumba vitatu.

Nilipokwenda kuiona nyumba yake, nilimwomba tusogeze kabati la chumba cha nyuma. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti yangu, na karatasi ya ukutani ilibanduka nilipoigusa kwa kidole. Rangi mbovu na tundu za misumari mnazichukua kama zilivyo, lakini matengenezo ya ukuta, paa na mabomba hubaki kwa mwenye nyumba, hivyo nilipiga picha na kumwandikia kabla ya kutia sahihi. Msihame kabla ya kibali cha maandishi. Wala msitoe au kupokea kilemba, hata kidogo cha shukrani, kwa sababu fedha ikipita katika mabadilishano hayo mwenye nyumba anaweza kuiomba mahakama iwaondoe.

Kabla ya hayo yote, piga simu uulize faili lenu linasema mko watu wangapi.

———

Dada, nimepiga simu leo mchana. Faili linasema watu wanne. Binti yetu wa pili hayumo, ingawa cheti chake nilikipeleka mwenyewe, kwa mkono, mwaka aliozaliwa, wala sikudai risiti. Mke wangu amelia.

———

Pole sana, na umpe pole mkeo.

Andika barua leo, usisubiri kesho, na uitume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Taja kila mtoto kwa tarehe yake ya kuzaliwa, eleza nani analala wapi, na uambatanishe picha ya sebule usiku magodoro yakiwa yametandikwa. Waombe waingize binti na wahesabu kipaumbele chenu tangu mwaka ulipopeleka cheti. Tafuta chochote kinachoonesha alikuwa akiishi hapo tangu wakati huo, kama barua za kliniki, posho ya watoto au shule ya chekechea. Kwa kuwa kijana alipotimiza miaka 10 hesabu ilibadilika pia, itaje siku hiyo. Wakikataa, una haki ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na muda wa kufanya hivyo utauona katika barua yao. Wakichelewesha, nendeni kwa mashirika ya ushauri ya Citizens Advice au Shelter mkiwa na nakala ya kila kitu.

Nitumie rasimu usiku huu kabla hujaituma. Huku kwetu saa ni mbele, lakini nitakuwa macho.