Corolla KE30: mshale wa RPM unarukaruka nikikanyaga mafuta. Ni saa ya RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) au ni distributa (kigawa cheche)?

Mwanjelwa_KE30
Wakuu, salaam. Gari ni Corolla KE30, injini 3K ya cc 1166, bado inatumia pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itoke). Ikiwa silensa (inawaka bila kukanyaga mafuta) mshale wa RPM umetulia kwenye 800. Nikikanyaga mafuta unaruka: 2,000, 3,500, unarudi 1,000, mara unakufa hadi sifuri kisha unafufuka. Inazidi kwenye mlima, mfano kupanda kutoka Tukuyu kuja Isongole. Mshale wa mafuta na wa joto hauna neno. Betri mpya, alteneta inatoa volti 14.1. Fundi anasema ninunue dashibodi nzima ya mtumba. Nimsikilize?

FundiWaya_Uyole
Usinunue kitu kwanza. Mshale ukidondoka, injini nayo inakata au inavuta kama kawaida? Hilo ndilo linaloamua.

Hiyo saa haioni injini ikizunguka. Inahesabu pointi zinavyokata umeme wa koili (inayozalisha umeme wa cheche), basi. Silinda nne ni cheche mbili kila mzunguko, kwa hiyo kwenye 3,000 pointi zinafunguka mara 100 kwa sekunde. Mshale ukifa na gari likashtuka hapohapo, umeme wa koili ndio unaokatika, saa ni shahidi tu. Injini ikivuta vizuri huku mshale unacheza peke yake, hapo ndipo ukague waya wa saa, ethi yake, au saa yenyewe.

Mwanjelwa_KE30
Inashtuka, kama inamisi (inakosa kuwaka). Si kila mara.

FundiWaya_Uyole
Basi anza na kipimo cha bure. Chomoa waya wa saa pale koili hasi, uzibe kwa tepu, upande mlima bila RPM. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi, koili hasi inakuwa imepigwa ethi moja kwa moja: hakuna cheche, na mshale unalala. Misi ikiisha, fuata waya mpaka nyuma ya dashibodi, hasa unapopita kwenye bati la injini ambako mpira wa kuzuia umekauka. Misi ikibaki, waya hauna kosa.

Mzee_wa_Kabureta
Kijana, dalili zako zinataja distributa zenyewe. Silensa inatulia, ukikanyaga inaruka. Ndani ya distributa pointi zimekaa juu ya sahani, na sahani hiyo huvutwa na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini). Silensa hainyonywi, imelala. Ukifungua mafuta kiasi inavutwa, ukikandamiza mpaka chini inarudi. Mlimani mguu wako haukai sehemu moja, basi sahani inacheza huku na huku na nyaya zake mbili nyembamba zinakunjwa kila mara: ule wa pointi na ule wa ethi ya sahani. Miaka zaidi ya arobaini! Shaba inakatika ndani, ganda la nje linabaki zima, nawe ukitazama kwa macho unaona waya mzuri kabisa.

Pima hivi. Gari likiwa silensa, chomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, ziba tundu la kabureta kwa kidole, unyonye mpira kwa mdomo. Injini ikiyumba au ikazima, umeshampata. (Mpira ukinyonyeka bila kikomo, diaframu imepasuka, hiyo ni kesi nyingine.)

Kwa uhakika zima switchi, chomoa waya wa distributa kwenye koili, weka mita kwenye omu kati ya waya huo na bloku. Zungusha injini kwa spana hadi pointi zifunge, na ziwe katikati ya kufunga. Zikiwa ukingoni, sahani ikizunguka zinafunguka zenyewe na utalaumu waya usio na kosa. Nyonya tena. Isomeke karibu na sifuri muda wote. Ikiruka, gusa waya mmoja mmoja kwa njiti ya kiberiti uone ni upi.

Waya mpya uwe wa nyuzi nyingi laini. Waya wa umeme wa nyumba ni mgumu, utavuta sahani na kukatika mapema. Ukilehemu, risasi isipande ndani ya waya, kwani pale inapoishia ndipo utakapokatika. Acha ulegevu, ila usifikie kamu (shafti yenye pembe inayofungua pointi).

Baridi_ya_Mafinga
Ukiwa umeshafungua, weka pointi upya: 0.45 mm, ukiwa na mita ya duwelo (pembe ambayo pointi hukaa zimefunga) iwe karibu digrii 52. Kaza na skrubu ya kondensa, maana hiyo skrubu ndiyo ethi yake. Grisi kwenye kamu ni kama kichwa cha kiberiti. Ikizidi inarukia pointi, inaungua, na unarudi ulikotoka.

Mwanjelwa_KE30
Majibu: bila waya wa saa, misi ipo vilevile. Nikinyonya mpira, injini inazima. Mita inatoka 0.2 inaenda wazi kabisa. Ni waya wa ethi ya sahani, chini ya ganda zilibaki nyuzi tatu. Nimebadilisha, nimeweka 0.45, mlima wote mshale umepanda taratibu. Kimebaki kitu kimoja: silensa unatetemeka kati ya 750 na 850.

FundiWaya_Uyole
Shika shafti ya distributa uitikise pembeni. Ukihisi inacheza, bushi imelika: kila pembe ya kamu inafungua pointi kwa kiasi tofauti, na kukaza pointi hakutasaidia. Kama haichezi, ni kabureta tu, rekebisha skrubu ya hewa. Na huyo wa dashibodi ya mtumba mwambie aiuze kwa mwingine.

Mwanjelwa_KE30
Haichezi. Nusu mzunguko wa skrubu, umetulia 800. Ndaga fijo, wakuu.