Naomba ushauri: programu ya kulipia ya kutafuta kumbukumbu za mtu kabla ya kumpangisha (Ohio, Marekani)

mama_wawili
Habari za jioni wakuu. Niko Columbus. Nyumba yetu ni ya familia mbili, juu pako wazi na kuna kijana Mkongo amepaomba. Nimeweka kwenye simu programu ya kutafuta kumbukumbu za umma, dola 1 kwa siku 7 za majaribio. Nimeandika jina lake, imeleta "kesi 4 zinazowezekana", anwani 11 na orodha ya watu inaosema ni ndugu zake. Kwenye kitambulisho chake tarehe ya kuzaliwa ni 1 Januari.

Naomba kujua: hizo kesi nizitegemee? Naweza kumkatalia kwa ripoti hiyo? Na nikiifuta programu kwenye simu, malipo yanakoma? Leo ni siku ya 5.

Kisimani
Dada, tuanze na la mwisho maana siku zinakwenda. Kufuta programu hakusimamishi malipo hata kidogo. Majaribio yakiisha, kadi inakatwa bei kamili ya mwezi, na kwa programu za aina hii ni dola 20 hadi 35, kila mwezi mpaka uzime mwenyewe.

Kwanza jua ulilipia wapi. Fungua taarifa ya benki. Ukiona APPLE.COM/BILL, nenda Settings, gusa jina lako juu kabisa, kisha Subscriptions, chagua programu hiyo, uzime. Ukiona GOOGLE, fungua Play Store, gusa picha yako, Payments & subscriptions, halafu Subscriptions. Apple wanataka uzime angalau saa 24 kabla ya majaribio kwisha, kwa hiyo fanya leo, usingoje siku ya 7.

Ukiona jina la kampuni yenyewe, maana yake ulipelekwa kwenye tovuti yao ukaweka kadi huko. Hapo Apple na Google hawana la kukusaidia. Ingia kwenye akaunti yako kwa hao wenyewe au wapigie, omba namba ya uthibitisho wa kusitisha, piga picha ya skrini. Angalia pia kama kuna nyongeza uliyoibonyeza bila kukusudia: kupakua PDF na kutafuta kwa namba ya simu mara nyingi hutozwa kando, na nyongeza nyingine hujirudia kila mwezi kivyake.

Ikiwa wamekukata baada ya kusitisha na ulitumia kadi ya mkopo, una siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya kadi kupinga malipo hayo kwa maandishi.

Nyota_ya_Kivu
Swali la pili ndilo litakaloweza kukuingiza matatani. Teremka mpaka chini kabisa ya programu, kwenye maandishi madogo. Utakuta wameandika kwamba wao si "consumer reporting agency", yaani kampuni inayotambuliwa kisheria kutoa ripoti za watu, na kwamba hairuhusiwi kutumia ripoti zao kuamua kuhusu ajira, nyumba, mkopo wala bima. Sheria ni Fair Credit Reporting Act ya 1970, sheria ya Marekani inayosimamia ripoti kama hizo. Haibagui mwenye jengo la vyumba mia na mwenye ghorofa moja ya juu kama wewe. Ukimkatalia kwa ripoti ile, umeitumia kwa jambo lililokatazwa, naye anaweza kukushtaki.

Ipo njia halali na wala si ghali. Tumia huduma ya kuchunguza wapangaji inayofuata sheria hiyo, mfano SmartMove ya TransUnion, kampuni ya ripoti za mikopo. Wewe unaweka barua pepe yake, yeye anapokea kiungo, anajibu maswali ya kuthibitisha kuwa ni yeye, anatoa ridhaa, ripoti inakuja kwako. Huhitaji kushika namba yake ya Social Security (namba ya siri ya utambulisho wa serikali) mkononi, na hilo pekee linakuondolea mzigo mkubwa. Ikiwa ripoti hiyo ndiyo itakayokufanya umkatalie, au umwongezee amana, ni lazima umpe taarifa: jina, anwani na simu ya waliotoa ripoti, kwamba si wao walioamua, na kwamba ana siku 60 za kuomba nakala ya bure na haki ya kupinga makosa. Mpe kwa maandishi, ubaki na nakala.

FundiRekodi
Nakuja kwenye zile kesi 4, kwa sababu hapa watu wetu wanaumizwa sana.

Programu hizi hazina faili la mtu. Zinanunua vipande kutoka huku na huku, kesi za mahakama, hati za nyumba, orodha za masoko, anwani za zamani, kisha zinaviunganisha kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwa mtu mwenye jina adimu aliyezaliwa tarehe 17 Agosti, unganisho hilo huwa zuri. Kwa wakimbizi wetu linavunjika. Wengi waliosajiliwa kambini bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa 1 Januari. Majina nayo yanajirudia: kina Bahati, Amani, Mugisha, Juma Hassani. Halafu jina la ukoo na la kwanza hubadilishana nafasi, leo liko mbele kwenye leseni, kesho liko nyuma kwenye mkataba. Mashine ikikuta Amani Bahati wa 1/1/1990 wa Columbus na Bahati Amani wa 1/1/1990 wa Dayton, inawafanya mtu mmoja. Anwani 11 kwa kijana ni dalili kubwa ya mchanganyiko huo, hasa ukikuta mbili za mwezi mmoja katika majimbo tofauti.

Neno "zinazowezekana" nalo lina uzito wake. Septemba 2023 TruthFinder na Instant Checkmate, huduma za aina hii hii, walikubali kulipa dola milioni 5.8 katika shauri la FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja. Miongoni mwa madai ni kwamba waliwaambia wateja mtu ana rekodi ya jinai au ya kukamatwa, kumbe ni tiketi ya barabarani tu.

Tena kesi ambayo mahakama imeifunga isionekane na umma inaweza kubaki ndani ya programu, kwa sababu walishainakili kabla. Pale mahakamani haipo tena, kwenye simu yako ipo.

Babu Mwangalizi
Naongeza kwa FundiRekodi: programu isitupwe yote. Kuna sehemu moja yenye faida, nayo ni ile orodha ya anwani. Ichukue kama ramani ya kaunti za kuangalia. Ohio haina ukurasa mmoja wa mahakama zote, kila kaunti ina wake, na ukitafuta Franklin, kaunti ya Columbus, peke yake hutaona cha Dayton, iliyo kaunti nyingine. Muulize kijana mwenyewe amekaa wapi miaka mitano iliyopita, ulinganishe.

Kisha nenda kwenye chanzo, ni bure. Kwa Columbus ni sehemu mbili tofauti na watu huzichanganya. Franklin County Municipal Court ina makosa madogo, tiketi za barabarani, kesi za kumtoa mpangaji na madai yasiyozidi dola 15,000. Makosa makubwa yako kwa karani wa Court of Common Pleas. Tafuta kote kuwili.

Andika jina la ukoo na la kwanza, kisha ugeuze uandike upya. Jaribu na tahajia nyingine: Hassani na Hasan, Mohamedi na Muhammad.

Namba ya kesi yenyewe inasema ni ya nini. Baada ya mwaka kuna herufi tatu. CRB ni jinai ndogo. TRD ni barabarani, kama mwendo kasi. TRC ni kuendesha umelewa. CVF ni mkataba au deni. CVG ni mwenye nyumba kutaka kumtoa mpangaji, na kwako wewe hiyo ndiyo muhimu kuliko zote.

mama_wawili
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeshazima kwenye Subscriptions, imeandika tarehe ya mwisho. Nimetafuta mahakamani kwa majina yote mawili: ziko TRD tatu na CVG moja ya 2022. Hiyo CVG niisomeje?

Babu Mwangalizi
Ifungue, usiishie kwenye orodha. Tazama kwanza anwani ya mdaiwa. Kama haimo katika zile alizokutajia, huenda si yeye. Kisha teremka kwenye mtiririko wa matukio. Ukikuta "dismissed", shauri limefutwa, na mara nyingi ni kwa sababu kodi ililipwa au walielewana. Ukikuta hukumu ya mwenye nyumba kurudishiwa nyumba, hapo mpangaji alishindwa. Mwenye nyumba kufungua shauri si ushahidi wa chochote. Kodi ikichelewa wiki mbili wengine hukimbilia kufungua.

Kwa zile TRD, kama unataka uhakika kuwa ni yeye au si yeye, omba kwa karani nakala ya tiketi. Askari huandika anwani, tarehe ya kuzaliwa na kimo. Lakini kwa kupangisha nyumba, mwendo kasi unakuhusu nini? Ningeziacha.

Nyota_ya_Kivu
Na uliyoyasoma mwenyewe bure kwenye tovuti ya mahakama si ripoti ya kununuliwa, kwa hiyo masharti ya ile sheria ya 1970 hayakufungi hapo. Hata hivyo usimhukumu kimyakimya. Mwonyeshe hiyo CVG, mwambie "hii ni yako?", umsikilize. Kipimo utakachompima nacho kiwe kilekile kwa kila atakayeomba, kiandike kabla: kipato mara ngapi ya kodi, hukumu za kufukuzwa za miaka mingapi nyuma.

mama_wawili
Nimemuuliza kwa simu. Anasema hajawahi kukaa anwani ile, na kwamba mwaka jana alikataliwa nyumba kwa sababu hiyohiyo bila kuelezwa. Kuna namna ya kumsaidia?

FundiRekodi
Ipo. Aandike kwa kampuni iliyotoa ripoti ile ya mwaka jana, apinge kwamba kesi si yake, aambatanishe nakala ya leseni na ukurasa wa kesi unaoonyesha anwani ya mtu mwingine. Kampuni za uchunguzi zinazofungwa na ile sheria ya 1970 zina siku 30 za kuchunguza na kurekebisha. Jina la kampuni atalipata kwa yule mwenye nyumba aliyemkatalia.

Kwa zile programu za simu njia ni nyingine, ni kuomba kuondolewa. Chini ya tovuti zao kuna kiungo "Do Not Sell or Share My Personal Information". Intelius, TruthFinder na Instant Checkmate ni za mwenye mmoja, PeopleConnect, fomu moja inazigusa zote tatu. Zilizobaki ni moja moja. Afungue barua pepe mpya ya kazi hiyo tu, na arudi kuangalia baada ya miezi mitatu, kwa sababu wakinunua vipande vipya jina hurudi.

Akikutana na mwenye nyumba mwingine asiyemwamini, aombe FBI rekodi yake mwenyewe ya jinai, dola 18, kwa alama za vidole. Kidole hakichanganywi na jina la mtu.