Vitabu vipya vya sheria maktabani, naruhusiwa kutoa kopi? Ushauri wa haraka wakuu

Mtarajiwa: Shikamooni wakubwa. Maktaba ya chuo chetu imeleta vitabu vipya vya sheria ya ushahidi, vinavyofuata Toleo la 2023 la sheria za Tanzania lililoanza kutumika Julai 2025. Namba za vifungu zimehama, vya zamani vinatuchanganya. Nakala ni mbili tu, haviazimwi, unasomea palepale unarudisha kaunta. Mtihani unakuja. Je, mwanafunzi anaruhusiwa kutoa kopi? Silali.

Kitasa: Sisi tulisoma R.E. 2002, yaani toleo la sheria la 2002, iliyochakaa, marekebisho yamebandikwa kwa gundi juu ya kifungu. Tukafaulu. Nyie mna intaneti bado mnalia.

Dadavua: Mdogo wangu, Sura ya 6, hiyo Sheria ya Ushahidi, iko kwenye tovuti ya TanzLII, bure. Hukumu pia. Kopi ya nini?

Mtarajiwa: Dada, sheria tupu ninayo. Nataka uchambuzi wa mwandishi.

Dadavua: Basi hapo unaingia kwenye hakimiliki, Sura ya 218. Sheria na hukumu hazina mwenyewe, uchambuzi unaye. Kurasa chache za kujisomea sioni ugomvi. Unataka ngapi?

Mtarajiwa: Nyingi kidogo.

Wakili Njaa: Msomi, shahidi akiulizwa anajibu. Ngapi?

Mtarajiwa: Chote. Nimeshakipiga picha, kiko steshenari kinatiwa spairo. Wenzangu wameshachanga elfu kumi na tano kila mmoja. Lakini siuzi! Ni gharama tu, na dukani bei yake haishikiki.

Ustadhi: Unasomea sheria huku unaivunja. Kesho ukiwa hakimu itakuwaje?

Kitasa: Mahakama ya mwanzo niliyofanyia field, karani alikuwa anafungia Sura ya 16, Kanuni ya Adhabu, kwenye droo, funguo shingoni. Ukiitaka unamnunulia soda kwanza.

Chunguza: Ngojeni. Kitabu cha mamia ya kurasa, unasomea mbele ya mkutubi, ukakipiga picha chote? Hii chai. Huyu ndiye mwenye steshenari, anatafuta wateja.

Mtarajiwa: Tulipiga kwa zamu. Mkutubi saa nne huwa anatoka kunywa chai.

Chunguza: Chai juu ya chai.

Dadavua: Ya kweli au ya kutunga, simamisha hiyo kazi, rudisha hela za watu. Kiongozi wa darasa aandike barua maktaba waongeze nakala.

Mtarajiwa: Dada, barua itajibiwa mtihani umeshapita. Na steshenari nimeshalipa nusu.

Mlalahoi: Hiyo elfu kumi na tano ni pamoja na jalada gumu?