Tako la hasani au mziwaziwa?

Mama Nasra, Tabata
Habari za leo wakuu. Mvua za vuli zimeshika, na nyufa za sakafu ya uani kwangu zimejaa majani yanayotambaa, mashina mekundu. Bibi yangu, Tanga, alikuwa anapika tako la hasani kwa nazi, nikatamani. Nimenunua Posta kitabu cha mitumba cha kutambua mimea pori, cha Uingereza. Picha inafanana kabisa! Ila kinaniuliza: majani yanapishana au yametazamana? Nimeangalia matawi matatu, kila moja linasema lake. Sufuria iko jikoni. Nipike?

Bwana Shamba Mstaafu
Zima jiko kwanza, mama. Picha weka kando, vunja shina. Likitoa tone jeupe kama maziwa, huo ni mziwaziwa, jamii ya Euphorbia. Tupa, nawa mikono, usijiguse machoni. Utomvu ule unawasha. Tako la hasani hutoa maji tu, na jani lake nene ukilibinya kwa kucha linachuruzika. La mziwaziwa ni jembamba kama karatasi.

Hilo swali la kitabu ni zuri, ila limekukuta pabaya. Mziwaziwa majani hutazamana kila pingili. Tako la hasani hujipangia litakavyo: huku yanatazamana, huku yanapishana, nchani yanajikusanya. Ukikuta tunda ndiyo umemaliza kazi: lake ni kikopo chenye mfuniko, ndani mbegu ndogo nyeusi. La mziwaziwa lina pande tatu. Kwenye faharasa tafuta Portulaca oleracea.

Kagua shina moja moja, maana haya mawili hukaa ufa mmoja kama wapangaji. Na kama ufa uko jirani na chemba ya choo, usile hata likiwa lenyewe.

Kijana wa Mlimani
Una bahati hilo linaota karibu dunia nzima. Mgagani kwenye kitabu hicho utautafuta mpaka macho yaume. Ukikwama, bana tawi lenye ua na tunda ndani ya gazeti, upeleke Chuo Kikuu, idara ya botania. Wana hebario, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Mama Nasra, Tabata
Shikamoo Bwana Shamba. Nimevunja yote juu ya beseni. Kumi na tisa maji, manne maziwa. Na hayo manne, wallahi, ndiyo niliyoyaona mazuri kuliko yote! Nimetupa. Chemba iko upande wa pili wa nyumba, msijali. Nazi nimeshakuna.