Meli ya shehena kichele miezi 9 au boti za ofusho wiki 10 kwa 10? Wazoefu nisaidieni

BahariaWaMilimani
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni injinia wa meli, nafanyia kazi nje huu mwaka wa sita, kwetu ni Tukuyu ila kwa sasa nipo Uyole likizo, baridi imenipokea vizuri tu. Nina ofa mbili na jibu linatakiwa kabla ya Ijumaa. Ya kwanza meli ya shehena kichele, ile mizigo inayomiminwa bila kufungashwa, mkataba miezi 9, dola 2,900 kwa mwezi. Ya pili boti za ofusho kule Ghuba, zile za kupeleka vifaa kwenye visima vya mafuta, wiki 10 kazini wiki 10 nyumbani, dola 130 kwa siku. Kuna na ya tatu, sio ofa rasmi, jamaa yangu ananishawishi nirudi moja kwa moja nitafute nafasi kwenye meli za Ziwa Nyasa pale Itungi. Ipi ina maslahi? Nawasilisha.

OilaMstaafu
Mkuu umeuliza kama mtu anayeulizia bei ya viazi Mwanjelwa. COC yako, cheti cha umahiri, ni ya daraja gani? Meli inapeperusha bendera ya nani, yaani imesajiliwa nchi gani? Injini kilowati ngapi? Hiyo 130 ukiwa nyumbani inaendelea kuingia au inakata? Cheti kinaisha lini? Jibu hayo kwanza.

Parachichi_Njombe
Ushauri wangu achana na meli zote. Chukua hela ya likizo, tafuta ekari 5, panda parachichi za Hass za kubebesha, mwaka wa tatu zinaanza kukupa. Bahari haina urithi.

BahariaWaMilimani
@OilaMstaafu COC ni ile ya zamu ya injini rumu, III/1, nimepanda kama thedi, injinia wa tatu. Dola 130 ni siku za kazini tu, nyumbani haiingii kitu. Cheti kinaisha mwakani.

OilaMstaafu
Bendera? Kilowati?

MamaWawili_Ipogolo
Kamweneni. Mume wangu naye ni wa injini rumu, hesabu hizi nimeshazipiga sana nyuma ya daftari la matumizi. Kaka angalia: shehena kichele 2,900 mara 9 unapata 26,100, halafu unakaa nyumbani miezi mitatu hivi bila mshahara. Ofusho kwa mwaka unapanda wiki 26, siku 182, mara 130 ni 23,660. Tofauti haifiki dola 2,500, na hapo unakuwa nyumbani nusu mwaka badala ya robo. Mimi mtoto wangu wa kwanza alimwita baba yake "anko" pale Songwe uwanja wa ndege, mbele ya watu wote, mwanaume akacheka ila kwenye gari hakuongea mpaka tunafika Igawa. Hiyo dola 2,500 sijui inanunua nini.

KyelaMchele
Dada umemaliza. Ila mimi naona arudi ziwani. Meli zipo, MV Mbeya II inabeba abiria 200 na mizigo tani 200, zile za mizigo Ruvuma na Njombe kila moja tani 1,000. Analala nyumbani, anakula mbasa, shida iko wapi?

Purifaya
Shida ni sii taimu, muda wa kazi baharini. STCW, mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia, ni ya meli za baharini, meli inayotembea ndani ya ziwa tu haihesabiki. Cheti kinaisha mwakani, ili ku-renew kwa sii taimu anatakiwa awe na miezi 12 baharini ndani ya miaka 5, au miezi 3 ndani ya miezi 6 ya mwisho. Kwa sasa anayo, lakini akikaa Itungi miaka minne halafu atake kurudi nje ndio atajua. Na hata ofusho aulize kilowati, maana nyingi ni injini ndogo, chini ya 3,000, ukija kutafuta tiketi ya sekondi, injinia wa pili, ya meli kubwa unakuta muda wako wote umeuchomea kwenye boti ndogo. Mtu anayetaka kuwa chifu, injinia mkuu, apande meli kubwa akiwa bado kijana. Na hiyo nusu mwaka nyumbani anayoisifia dada ni nusu ya sii taimu pia, watu hawaiangalii.

KyelaMchele
Haihesabiki?? Wewe umewahi kukutana na mwera umevuma pale katikati ya Lupingu na Manda? Abiria wanatapika mpaka kondakta.

Purifaya
Meli ina kondakta siku hizi? Sheria haiangalii mawimbi mkuu.

Dogo_Mafiati
Samahani naomba kuuliza, mtu wa Tukuyu anakuwaje baharia? Mto Kiwira? 😂 Mimi huku mtaani naitwa baharia na sijawahi kuiona hata Kigamboni.

BahariaWaMilimani
😂😂 Dogo mimi meli ya kwanza kuiona niliiona pale Itungi, tulienda kuchukua mchele na marehemu mjomba. Nikasimama kusikiliza ile injini mpaka mjomba akaniacha.

ChifuMakambako
Mdogo wangu nimesoma yote na naona hakuna aliyekugusia jambo la msingi, ni nani mwenye meli. Nikusimulie yaliyonipata. Nilipanda meli moja ya shehena kichele kama sekondi, mshahara mzuri kwenye karatasi, miezi miwili ya kwanza ukaja, wa tatu nusu, baadaye kimya. Tukatia nanga nje ya bandari moja huko huko Ghuba, tukaambiwa subirini mzigo, kumbe mwenye meli ana madeni kila kona na simu hapokei. Tulikaa miezi saba. Dizeli ikawa inaisha nikapangiwa niwashe jenereta saa mbili tu kwa siku, jioni, watu wachaji simu na mpishi aokoe kilichomo kwenye friji. Muda mwingine wote giza na joto, kabati la chuma la injini rumu ukiligusa mchana linakubabua. Samaki tulivua wenyewe. Nyumbani Makambako nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, fundi kaondoka, tofali za nje zikabebwa moja moja hadi zikaisha, mke wangu ananiambia kwa WhatsApp na mimi chaji imebaki asilimia nne. Kilichotuokoa ni mkaguzi wa ITF, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa usafirishaji, akaibana bima ya meli, kwa sababu MLC, mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, inataka kila meli iwe na bima ya mabaharia kutelekezwa, na ile bima inalipa mishahara mpaka miezi minne pamoja na nauli ya kurudi. Minne tukapata. Mitatu mpaka leo naidai. Kwa hiyo kabla hujaangalia dola 2,900, omba nakala ya cheti cha hiyo bima, kwenye meli huwa kinabandikwa ukutani, wakizungukazunguka kukutumia usipande.

Parachichi_Njombe
Ndio maana nikasema parachichi. Mti hautelekezi mtu.

Mwankenja_Lwangwa
Parachichi ya Njombe ina mafuta gani kuifananisha na ya Rungwe? Mvua yenu ni ya kuhesabu.

Parachichi_Njombe
Wakati wewe unahesabu mvua sisi tunapakia makontena mkuu.

BahariaWaMilimani
Shukrani sana Chifu, ndaga fijo. Kuna kitu sikukisema mwanzo, wakala wa ile ya shehena kichele anataka nimtumie dola 800 za kushughulikia ndio anipe jina la meli. Nilidhani ni kawaida.

Purifaya
Hujui jina la meli???

ChifuMakambako
Simama hapo hapo. MLC inakataza wakala kumtoza baharia hela ya kumpatia kazi. Pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya unaweza kujilipia, mpaka viza ni juu ya mwenye meli. Usimtumie hata senti.

MamaWawili_Ipogolo
Basi imebaki ofusho. Kaka una familia lakini? Hujasema.

BahariaWaMilimani
Mke na mtoto wa miezi minne. Na mzee kule Tukuyu ameanza kuanguka anguka, juzi kaangukia kwenye mgomba, ndio maana nikaleta na habari ya Itungi. Nimepanda kosta sasa hivi naenda kumuona, mtandao huku Kiwira unakatakata, nitasoma usiku.

Dogo_Mafiati
Pole kaka, msalimie mzee.

KyelaMchele
Ukitoka kwa mzee teremka Itungi mara moja, ni karibu tu.

OilaMstaafu
Pole kwa mzee. Na hiyo boti ya ofusho, bendera ya nani?